Reki Zisizo na Kazi

Aliyemfumbua macho Jorunn hakuwa mbea wala adui. Alikuwa Bibi Oddny, mama wa watu mwenye mvi zake, amesimama na sahani ya keki katika ukumbi wa kanisa siku waliyomzika mama yake Jorunn. Watu walikuwa wamekwisha kula sandwichi za mayai, wamekwisha kusema marehemu alikuwa mtu wa watu, na sasa walikuwa wakitafuta makoti yao. Oddny akamshika Jorunn mkono, akampa pole, kisha akaongeza neno alilodhani ni la faraja. Alisema kwamba wao wa Chama cha Mkono Wazi waliumia sana mwaka ule walipomkatalia kwenda kujitolea Madagaska, maana kati ya waombaji wote yeye ndiye aliyewapendeza zaidi, lakini kwa hali yake ile ya akili wangefanyaje?

Jorunn akauliza, hali gani?

Bibi wa watu akabadilika rangi. Alitazama sahani yake, akatazama mlango, akaona hakuna pa kukimbilia. Basi akasema.

"Si kaka yako alitupigia simu. Alizungumza kwa upole mno, karibu alie. Alisema wewe ni mwepesi kuvunjika, na kwamba tukikupeleka huko tutakurudisha ndani ya sanduku."

Kaka mwenyewe, Sigmund, alikuwa meza ya pili kutoka pale, amezungukwa na majirani, anasimulia kwa mara nyingine jinsi alivyowachimbia watu kisima huko Madagaska. Alikuwa na sauti nzuri ya kusimulia, na mikono mikubwa ya kuonyeshea kina cha shimo. Jorunn alimtazama tangu juu hadi chini. Alimshukuru Oddny, akamtafutia koti lake, akamfungia kifungo cha juu kwa sababu nje kulikuwa na upepo. Nasema haya ili ujue ni mwanamke wa namna gani.

Kilichomchoma si uongo peke yake. Waongo tunao, tunaishi nao, na sikukuu tunawaalika. Kilichomchoma ni yale yaliyofuata baada ya uongo ule. Wakati ule Jorunn alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na hapa Skarvik, mji wetu mdogo, mtu aliyepelekwa na Mkono Wazi ni mtu hasa: picha yake hubandikwa maktaba, na akirudi huitwa shuleni kuzungumza na watoto. Jorunn hakutaka picha. Alitaka kwenda. Na kabla ya kuomba alijihoji kama inavyompasa mtu mwenye akili zake. Je, naweza kula nitakachopewa? Naweza kuambiwa hapana na yule niliyekwenda kumsaidia, nikanyamaza? Nikikaa wiki nzima sina la kufanya, nitatulia, au nitaanza kuwasumbua wenye nchi yao? Alijifunza Kifaransa kwenye redio huku anaosha vyombo. Alilala sakafuni majira yote ya baridi, dirisha wazi, akijizoesha shida, hadi majirani wakamtania kwamba huko anakokwenda hakuna theluji, labda angejizoesha kulala jikoni juu ya jiko. Mwisho akajiambia: nafaa. Alijiambia kwa sauti, mbele ya kioo.

Chama kikamjibu kwamba hafai. Sababu hawakumpa, kwa huruma, maana nani anayemwambia mgonjwa kuwa ni mgonjwa? Majira yaleyale mama akapatwa na kiharusi. Wauguzi wa manispaa walikuja asubuhi na jioni, na saa zote zilizobaki katikati zikawa za Jorunn. Sigmund alikuwa amefunga mizigo, anakwenda Madagaska mara ya pili. Alimkumbatia dada yake mlangoni akamwambia kila mtu ana wito wake.

Miaka ikapita hivyo. Kwaya ilimwomba Jorunn awe kiongozi, akakataa, maana wataalamu wa kupima watu walikwisha kumpima wakaona ana upungufu, hata kama hawakumwambia ni upi. Kulikuwa na bwana mmoja wa Ålesund, fundi wa injini za meli, mpole, aliyemtaka wakaishi kwake. Jorunn akamwambia asubiri, akamwambia tena asubiri, mwisho bwana akaoa mwingine, na wala usimlaumu. Kila alipofika ukingoni mwa jambo, Jorunn alilisikia lile neno. Hafai. Alilibeba kama mtu anavyobeba jina la ukoo, asijue kwamba limetungwa na kaka yake kwenye simu, pengine amesimama na kikombe cha kahawa mkono wa pili.

Basi usimwambie Jorunn asamehe. Mchungaji alimwambia, akajibiwa vizuri, akapewa kahawa, akaenda zake.

Siku chache baada ya mazishi, Oddny alikuja nyumbani kwa Jorunn kuomba radhi rasmi, kwa niaba ya Chama. Alikuja na jambo jingine pia. Mwaka huu walikuwa na nafasi mbili za Madagaska: moja ya msimamizi wa kituo, ya miaka mitano, na Sigmund alikwisha kuiomba, nyingine ya mtu wa kujitolea wa kawaida. Hii ya pili, Oddny alisema, kama Jorunn bado anaitaka, ni yake. Umri si hoja. Kilichobaki ni ile desturi yao tu: Chama hakiamini mahojiano ya ofisini, ambako kila mtu ni malaika. Hutuma watu wawili kumwangalia mwombaji akiwa kwao, kati ya majirani zake, siku ya kazi. Wangekuja Jumamosi ya dugnad, siku ya kazi ya pamoja ya mtaa, wawaone ndugu wote wawili kwa safari moja.

Jorunn alisema atafikiri. Hakuwa na la kufikiri, alikuwa anaogopa kwamba akifungua mdomo zaidi atalia mbele ya mgeni. Unaona basi. Alichonyimwa kilikuwa kimerudi, kimewekwa mezani mbele yake, ni kunyoosha mkono tu. Mtu mwingine angechukua chake akaenda. Lakini dirisha la jikoni la Jorunn linatazamana na la nyumba ya mama, na katika nyumba ya mama alikuwa amehamia Sigmund, na kila asubuhi Jorunn alipochemsha maji alimwona kaka yake amesimama na fulana, anapiga mluzi. Ule mluzi ndio uliomshinda. Akajiapiza kwamba atakwenda Madagaska, ndiyo, lakini kwanza Sigmund asiende. Kwanza naye aonje lile neno.

Sasa dugnad. Mpare angeiita msaragambo, na angeelewa bila kufundishwa. Kila masika, theluji ikishayeyuka, watu wa mtaa wetu wa Bakketun hutoka wote siku moja na reki, mafagio na matoroli. Huzoa majani yaliyooza, hufagia kokoto zilizomwagwa njiani wakati wa barafu ili watu wasiteleze, hupaka rangi ua. Asiyeweza kuinama huoka maandazi ya chuma, yale mapana yenye vidirisha yanayobanwa kati ya vyuma viwili vya moto, huyapaka jamu na jibini la kahawia. Hakuna aliye mzee mno wala mkubwa mno. Na mgeni akitazama atadhani haja yetu ni majani. Majani gani? Majira ya baridi hapa mtu anaweza kukaa miezi asione zaidi ya mgongo wa jirani yake. Siku ya dugnad ndiyo siku ya kuulizana umeendeleaje, ya kuangalia nani amezeeka, ya wawili waliokosana kushika ncha mbili za ubao mmoja. Ukiumwa, hapana neno, peleka keki. Lakini mtu hafanyiwi kazi yake. Hilo halikuandikwa popote kwa sababu halijawahi kuhitaji kuandikwa.

Sigmund hakulijua. Utotoni mama alikuwa akimtolea udhuru, ana mazoezi ya kinanda, ana mtihani, na Jorunn alishika reki mbili. Ukubwani alikuwa nje ya nchi, na hata miaka aliyokuwa nyumbani, siku hiyo ilimkuta safarini. Ndiyo maana, wiki moja kabla, alivuka njia akaingia jikoni kwa dada yake bila kubisha, uso unang'aa, akasema amepata wazo.

Wazo lenyewe lilikuwa hili. Ng'ambo ya maji kuna kampuni ya kutunza bustani, ina mashine za kila aina. Ijumaa, watu wakiwa kazini, atawaleta wafanye kila kitu: majani, kokoto, ua, mabomba ya paa. Jumamosi watu watatoka na reki zao na kukuta mtaa mzima umetakata. Watapumzika. Wazee hawatavunja migongo. Watakaa juani wale maandazi, na watu wa Chama watakuja wamwone Sigmund ni mtu wa vitendo.

"Unaonaje, mdogo wangu?" akauliza. "Wewe unawajua hawa kuliko mimi."

Jorunn alikuwa anamenya viazi. Alijua kabisa anachokisikia. Sentensi moja ingetosha: kaka, usithubutu, watakuchukia hadi unaingia kaburini. Ilikuwa mdomoni tayari. Lakini akaikumbuka sentensi ya Sigmund, ile ya sanduku, ilivyotosha kumfungia ndani miaka yote ile. Akaona haki itendeke: yeye aliniua kwa sentensi aliyoisema, mimi nitamlipa kwa sentensi nisiyoisema.

"Watashangaa sana," akamwambia. "Hawatasahau."

Sigmund akafurahi, akachukua kiazi kibichi akakirusha juu akakidaka, akaondoka na mluzi wake. Wala Jorunn hakuwa amesema uongo. Alijisifu kwa hilo wiki nzima: kwamba yeye, tofauti na wengine, hasemi uongo. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na yeye alikuwa amenyamaza tangu ujana wake.

Ijumaa Jorunn hakutoka nyumbani. Alichemsha kahawa, akasogeza kiti dirishani, akaketi kama mtu aliyekata tiketi. Kampuni ilikuja na magari mawili. Vijana wenye vizuia kelele masikioni wakashusha mashine za kupuliza majani, na kwa saa chache kazi ya mtaa mzima ikawa imeisha. Wakapaka ua rangi nyeupe. Jorunn karibu apaliwe kwa kicheko, kwa sababu mkutano wa wakazi ulikuwa umebishana majira yote ya baridi juu ya rangi ya ua, watu wazima wakafikia kutosalimiana, ndipo mwishowe wakaafikiana nyekundu. Makopo ya rangi nyekundu yalikuwa yamepangwa banda la baiskeli, hajayagusa mtu. Sigmund hakuuliza. Aliona nyeupe inapendeza.

Alikunywa kahawa yake kwa raha ambayo hakuwa ameionja kwa muda mrefu. Sitamsingizia majuto ambayo hakuwa nayo. Moyo wake ulikuwa umetulia, na alimwambia mama yake, aliyekuwa chini ya ardhi, kwamba malipo ni hapa hapa duniani.

Halafu akawaona vijana wawili wanaelekea nyuma ya banda na msumeno.

Nyuma ya banda la baiskeli kulikuwa na kichaka cha matunda meusi, yale madogo ya kutengenezea juisi. Alikipanda Signe, marehemu mke wa mzee Torleif. Kila dugnad Torleif, ambaye ndiye mwenye filimbi ya kuanzisha kazi, hukipogoa mwenyewe, peke yake, na hakuna anayemfuata kule nyuma. Masika yale kilikuwa hakijaota majani. Kwa mtu asiyejua kilikuwa fimbo kavu zilizosongamana.

Jorunn aliinuka. Kikombe kilikuwa bado mkononi. Kutoka mlangoni kwake hadi pale ni hatua chache, na sauti yake ni kubwa, aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Lakini akitoka atauliza nini kinafanyika, na Sigmund, aliyekuwa anazungukazunguka na mikono mfukoni, atamwambia njoo uone, naye itabidi aseme. Akisema la kichaka, atasema na la ua. Akisema la ua, yote yatajulikana kabla ya Jumamosi, na Sigmund ataomba radhi kwa ile sauti yake nzuri, na watu watamcheka na kumsamehe.

Akaketi. Akajiambia huenda wanakipogoa tu. Msumeno ukaanza kulia, na Jorunn akawasha redio.

Jumamosi jua lilitoka. Watu wa Bakketun wakafungua milango, wamevaa nguo zao chakavu za siku hiyo, reki begani, wakatoka wakasimama. Mtaa ulikuwa msafi. Hapakuwa na jani. Hapakuwa na kokoto. Ua uling'aa mweupe hadi unaumiza macho. Walisimama hivyo, mmojammoja akiongezeka, wakitazama chini kana kwamba kazi imeanguka mahali wataiona. Mama mmoja alianza kufagia njia iliyokwisha kufagiwa, akaacha kwa aibu. Kwenye meza ya maandazi, wazee waliokoroga unga tangu asubuhi walishika miiko wasijue wampe nani, maana andazi la dugnad halilishwi mtu ambaye hajatoka jasho.

Bibi Oddny alikuwa amefika na mwenzake wa Chama, bwana mmoja mkimya. Walisimama kando.

Sigmund akapanda juu ya kreti akahutubia. Alisema ni zawadi. Alisema wamefanya kazi vya kutosha maishani, leo wapumzike. Alinyoosha mikono, akangoja makofi. Huku kwetu watu hawapigi kelele wakikasirika. Wangepiga kelele ingekuwa nafuu kwake. Walimtazama tu, na baadhi wakautazama ua, na kimya kikawa kirefu hadi ukasikia maandazi yanavyoungua kwenye chuma.

Torleif alikuwa na filimbi yake shingoni. Hakuipuliza. Alikwenda nyuma ya banda, taratibu, mkasi wa kupogolea mkononi, na watu wote wakamfuata kwa macho. Akakaa huko kidogo. Aliporudi alikuwa bado ameushika mkasi, na alimpita Sigmund kama anavyopita mti.

"Haya basi," akasema, si kwa mtu yeyote.

Akaingia kwake akafunga mlango. Hayo maneno mawili yaliimaliza siku. Mmoja akageuka, wa pili akageuka, reki zikarudi begani, na milango ya Bakketun ikafungwa mmoja baada ya mwingine kwa adabu, bila kubamizwa.

Oddny alimwendea Sigmund. Jorunn alisogea karibu, maana hakuwa amengoja muda wote ule ili akose kusikia.

"Uliwauliza?" Oddny akasema.

Sigmund akajibu kwamba ilikuwa zawadi, na zawadi haiulizwi.

"Na kile kisima cha Madagaska, nacho uliwauliza mahali pa kuchimba?"

Oddny hakungoja jibu. Alimwambia, kwa utulivu kabisa, kwamba Chama hakiwezi kumpa kituo mtu anayewafanyia watu kazi yao wakiwa hawapo, kisha akasimama juu ya kreti kungoja ahsante. Akasema, samahani, Sigmund, wewe hufai. Nafasi haipo.

Lo, jinsi neno lile lilivyomwingia. Mikono ile mikubwa ikaning'inia. Alikuwa mtu wa makamo ambaye hapa kwao hana mke wala kazi ya maana, ni mwalimu wa kuziba pengo la walioumwa, na kule alikuwa Bwana Sigmund. Alitafuta uso wa kirafiki akauona wa dada yake.

"Jorunn alijua," akasema. "Nilimwambia. Mwambie, dada, si nilikuambia?"

"Uliniambia."

"Sasa mbona hukunikataza?"

Jorunn akamkaribia hadi akasikia pumzi yake. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno haya akiosha vyombo, kama alivyofanya zamani na Kifaransa.

"Mimi ni mwepesi kuvunjika, kaka. Niliogopa mtanirudisha ndani ya sanduku."

Akamwona anaelewa. Ilianzia machoni, ikashuka. Hakukana, na hilo namkubalia.

"Mama alikuwa ameanza kusahau maneno," Sigmund akasema polepole. "Niliona kinachokuja. Mmoja wetu ilibidi abaki."

"Na ukanichagua."

"Nikakuchagua."

Hakuomba radhi. Aliteremka njiani kuelekea nyumba ya mama, na Jorunn aliutazama mgongo wake hadi mlango ulipofungwa. Furaha aliyoisikia ilikuwa ya kweli. Ilikuwa tamu, ilimjaa kifuani, na angeweza kuimba palepale njiani. Kama kuna mtu anakuambia kisasi hakina utamu, mtu huyo hajalipiza.

Oddny alimwomba kahawa. Wakaenda jikoni kwa Jorunn, wawili tu, yule bwana mkimya akabaki kwenye gari. Jorunn alikata keki. Aliona safari iko mezani kati yao. Oddny akamuuliza kama kweli alijua tangu mwanzo, naye akaeleza yote, hakuficha, kwa fahari: viazi, dirisha, rangi ya ua, jinsi alivyohesabu kwamba hatasema uongo hata mmoja. Nani angemwelewa kama si huyu, aliyedanganywa kwa simu ileile?

Oddny alisikiliza bila kugusa keki.

"Ya Sigmund nakuelewa," akasema alipomaliza. "Ningekuwa wewe pengine ningefanya hivyohivyo, Mungu anisamehe. Lakini Torleif alikukosea nini?"

Jorunn akasema hakujua kama watakikata kichaka kile.

"Ulikuwa umekaa wapi?"

Kiti kilikuwa bado dirishani, na kutoka pale banda zima linaonekana, na nyuma yake, pale palipokuwa na kichaka, palionekana udongo mweusi uliosawazishwa vizuri kwa reki.

"Niliinuka," Jorunn akasema. "Bibi Oddny, niliinuka kabisa."

"Ukaketi."

"Nikaketi."

Oddny akaisogeza kando sahani yake. Akasema kwamba huko wanakopeleka watu, kina Sigmund hawakosekani. Kila mwaka yuko mmoja, na Chama hakina namna ya kuwamaliza. Anapokosea, wanaoumia si yeye, ni wenyeji, akina Torleif wa kule. Kinachowaokoa ni mwenzake aliye karibu anayeona na kufungua mdomo, hata kama anamchukia, hata kama ana kila sababu ya kumwacha aanguke.

"Ndiyo maana nakwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, na sababu yake," akasema. "Hufai, Jorunn."

Akavaa koti. Safari hii hakuna aliyemfungia kifungo. Gari la Chama likashuka mlimani, na Bakketun ikabaki kimya na safi, maandazi yamepoa mezani nje, hakuna aliyetoka kuyaondoa.

Jorunn alisimama katikati ya jikoni. Akalingoja lile neno limchome kama zamani, akajiandaa kuuliza nani amelileta, nani alipiga simu, nani amesema nini nyuma yake. Akampitia Oddny kichwani, akaona amesema kweli. Akampitia Sigmund, akaona mara hii hakusema kitu. Ng'ambo ya njia kaka yake alikuwa amesimama dirishani, hapigi mluzi, anamtazama. Jorunn akatafuta wa kumlipizia kisasi, akatafuta tena, akakosa.